Haja ya Moyo Isiyotimia

Liko swali moja ambalo Wakristo wengi huogopa kulisema kwa sauti, ingawa hulibeba moyoni waendapo kanisani na warudipo. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyemwomba Mungu jambo jema, akalitendea kazi kwa mikono yake miaka mingi, wala asilipate, aweza kumtumaini Mungu kwa namna gani? Hatusemi habari za mwizi aombaye usiku uwe wa giza, wala za mvivu alalaye akingoja muhogo uote wenyewe. Twasema habari za mke mwema aliyeomba mtoto, na miaka ikapita. Twasema habari za kijana mwenye akili aliyetaka kuendelea na masomo, karo ikakosekana. Twasema habari za mvuvi aliyejinyima apate mtumbwi wake mwenyewe, kisha tufani ya usiku mmoja ikauvunja juu ya mawe. Na za mzee akaaye barazani akitazama njia ya mjini, alikokwenda mwanawe asirudi. Haja za watu hawa zote ni njema. Kazi wameifanya, na magoti wameyapiga. Lakini jambo halikuja.

Walio karibu na watu hao huwa na majibu mawili, na yote mawili twayaona kuwa hayatoshi. Yatupasa tuyapime kwanza, kabla ya kutafuta lililo bora.

Jibu la kwanza husema hivi: "Imani yako ni haba. Amini kwa nguvu, nawe utapata." Jibu hili hupendwa sana, kwa kuwa humpa mtu jambo la kufanya, tena laonekana kumtukuza Mungu. Lakini tulitazame vizuri. Lamfanya Mungu kuwa kama mwenye duka, na imani kuwa kama fedha: mwenye nyingi atoka na bidhaa, mwenye chache arudi mikono mitupu. Tena lamwongezea mtu aliyeumia uchungu wa pili. Alikuwa ameumia kwa kukosa. Sasa aambiwa ya kwamba kosa ni lake. Na Maandiko yenyewe hayakubaliani na jibu hili. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, usiondolewe. Je, nani kati yetu atasimama mbele ya mtu huyo, amwambie ya kuwa imani yake ilikuwa haba?

Jibu la pili lafuata njia nyingine. Husema: "Usitake kitu. Moyo usiotaka kitu hauumii." Wako wenye kuudhani huu kuwa ndio utulivu wa Kikristo. Sisi hatudhani hivyo. Akaaye Mwanza ayajua majabali makubwa yaliyopandana kandokando ya ziwa. Jua lawaka juu yake na mvua yapiga, nayo hayalii. Lakini hakuna asemaye ya kwamba jabali lina subira, wala hakuna asifuye imani ya jiwe. Hana, mama yake Samweli, hakuwa jiwe. Alilia mbele za Bwana hata kuhani akamdhania mlevi, wala hakukemewa na Mungu kwa machozi yake. Aliye haja ya mtoto, akajifanya hana haja, huyo hakumkabidhi Mungu kitu. Amekificha tu, na kilichofichwa hakijatolewa.

Basi kama kutumaini si kununua, wala si kujifanya jiwe, ni nini? Tunaona vema tusijibu kwa maneno matupu, bali tutazame maisha ya mtu mmoja wa ziwa hili hili letu, ambaye habari zake zajulikana.

Katika kisiwa cha Ukerewe alizaliwa mwaka 1896 mtu aitwaye Aniceti Kitereza. Wamisionari walipofika kisiwani na kufungua shule Kagunguli, alikuwa miongoni mwa watoto waliojifunza kusoma. Kisha alipelekwa Seminari ya Rubya, upande wa magharibi wa ziwa, akajifunza Kilatini na elimu nyingine za wakati ule. Lakini hakuwa padre. Alitoka seminarini, akarudi, akamwoa Anna Katura. Katika ndoa yao walitazamia watoto, kama watazamiavyo watu wote. Walakini hawakubakiwa na mtoto hata mmoja. Kila msomaji wetu ajua maana ya jambo hilo katika nchi zetu, hasa siku zile. Wazee husema, ndugu hunong'ona, na mume hushauriwa amwache mke aoe mwingine. Kitereza hakumwacha Anna.

Mtu huyu alikuwa na haja nyingine ya moyo, nayo ilikuwa kubwa. Aliona ya kuwa vijana wa Ukerewe wanaanza kuisahau lugha yao na mwenendo wa babu zao: jinsi walivyolima, walivyovua, walivyoposa na kuoa, walivyouguza wagonjwa na kuzika wafu. Akaazimu kuyaandika hayo yote asije akafa nayo. Hakuyaandika kama orodha ya desturi, bali aliyatia ndani ya hadithi ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, waliotaabika kwa kukosa mtoto. Akaiandika kwa Kikerewe, lugha ya nyumbani. Mwaka 1945, vita kuu ya pili ilipokuwa ukingoni, kazi ikaisha.

Hapo ndipo kungoja kulipoanza. Lugha ya Kikerewe ina wasomaji wachache, na mpiga chapa hupenda kitabu kitakachonunuliwa na wengi. Padre mmoja wa White Fathers, jina lake Almas Simard, alimtia moyo, naye akaifasiri kazi ile kwa Kifaransa. Lakini tafsiri hiyo haikupigwa chapa katika uhai wa mtunzi. Miaka kumi ikapita, kisha ishirini. Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, na karatasi za Kitereza zingali karatasi. Mwishoni mwa miaka ya sitini mtaalamu wa historia kutoka Marekani, Gerald Hartwig, alifika Ukerewe pamoja na mkewe Charlotte, wakazipata habari zake, nao wakajitahidi kumtafutia njia. Ikaonekana ya kuwa kitabu chaweza kupata wasomaji kikiwa kwa Kiswahili. Basi mzee yule, mwenye umri uliopita miaka sabini, aliketi akaifasiri mwenyewe kazi yake yote, kitabu kirefu chenye kurasa mia kadhaa.

Mwaka 1980 Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kitabu hicho kwa Kiswahili. Mwaka 1981 Aniceti Kitereza alifariki, nakala za kitabu zikiwa hazijafika mikononi mwake. Tangu siku alipoweka kalamu chini mwaka 1945 ilikuwa imepita miaka thelathini na sita. Baadaye kitabu kilifasiriwa kwa Kijerumani na kutoka kwa Kifaransa, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza, kwa mkono wa Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe. Leo hutajwa miongoni mwa riwaya kubwa zilizoandikwa kwanza kwa lugha ya Kiafrika. Aliyekiandika hakukishika.

Sasa, wasomaji wetu, tujihadhari. Tunapofika mahali hapa pa habari hii, wengi wetu twataka kuifunga hesabu upesi. Twasema, "Tazameni! Mungu alimjibu mwishowe. Hakupata watoto, lakini alipata kitabu, na kitabu ndicho mtoto wake." Maneno hayo yana utamu, lakini hayana haki. Kitabu si mtoto. Hakimletei mzee maji wala kumshika mkono njiani. Na mtu aliyekufa kabla ya kukiona kitabu chake, hakukiona. Alilolikosa Kitereza alilikosa kweli kweli, na Mungu wa kweli hana haja ya sisi kuubadili ukweli ili apate sifa. Ayubu alirudishiwa watoto mwishoni mwa habari yake. Lakini wale wa kwanza, walioangukiwa na nyumba, hawakutoka kaburini. Mzazi yeyote aliyezika ajua ya kuwa mtoto wa baadaye hajazi mahali pa yule wa kwanza.

Kama ni hivyo, tumeitaja habari hii kwa nini? Tumeitaja kwa sababu yatuonyesha ya kwamba katika haja ya mtu mna sehemu mbili, nasi mara nyingi twazichanganya. Iko sehemu iliyo yetu, nayo ni kazi ya leo, uaminifu wa leo, na upendo kwa yule tuliye naye leo. Na iko sehemu isiyo yetu kamwe, nayo ni siku ya mavuno, njia yatakayopitia, na mkono utakaoyapokea. Kitereza hakuwa na amri juu ya mpiga chapa, wala juu ya idadi ya wasomaji wa Kikerewe, wala juu ya siku ya kufa kwake. Alikuwa na amri juu ya kalamu. Na alipoambiwa baada ya miaka zaidi ya ishirini kwamba yampasa kuianza upya kwa lugha nyingine, aliishika kalamu. Moyo wake ulivyokuwa usiku, sisi hatukuambiwa, wala haifai kujidai kuujua. Pengine alilia, pengine alinung'unika. Lakini kazi yake twaiona, na ndoa yake twaijua, nazo zatufundisha kuliko mahubiri mengi.

Kumtumaini Mungu kwa haja isiyotimia, basi, twaona kuwa ni jambo hili: kushika kwa nguvu sehemu iliyo yetu, na kuiacha mkononi mwake ile isiyo yetu; tena kuiacha kweli, bila ya kumwekea siku wala kumdai malipo.

Huenda mtu akasema, "Huyo ni mmoja tu, tena mtu wa pekee." Basi na tumtazame mwingine, aliyekaa upande wa kusini wa ziwa zaidi ya nusu karne kabla ya kitabu cha Kitereza kwisha kuandikwa. Alexander Mackay alikuwa fundi wa mitambo kutoka Uskoti, aliyetumwa na chama cha misioni cha CMS. Alitamani iwepo njia njema kutoka pwani hata ziwani, na vyombo vya kuvuka ziwa. Mwaka 1877 alikata njia kutoka Saadani hata Mpwapwa. Mwaka 1878 alifika Kagei, si mbali na Mwanza, akaikuta mashua ya misioni imeharibika, akaitengeneza, akavuka kwenda Buganda. Huko alifanya kazi miaka karibu tisa, hata Kabaka Mwanga akamfukuza mwaka 1887. Akaja kukaa Usambiro, kusini ya ziwa, akijua ya kuwa kazi aliyoipenda iko ng'ambo ya pili ya maji. Hakuketi akilia tu. Alifundisha, alifasiri Maandiko, alipiga chapa, na alikuwa akiunda chombo cha kusafiria ziwani. Mwezi wa Februari mwaka 1890 homa ikamwua, naye hajafika miaka arobaini na moja, na chombo hakijakwisha. Mwaka 1927 mifupa yake ikapelekwa Namirembe kuzikwa. Hivyo ndivyo alivyorudi Buganda.

Na ile njia aliyoitamani? Reli ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na Mwanza ikaipata reli mwaka 1928. Lakini hapo pia tusifunge hesabu upesi, tukasema haja yake ilitimizwa. Reli zile zilijengwa na serikali za kigeni kwa shabaha zao wenyewe, na jasho lililomwagwa juu yake lilikuwa la watu wengi ambao hawakuulizwa. Haja ya mtu ikipita katika mikono ya wengine, yaweza kutoka na sura ambayo yeye asingeitambua. Ndiyo sababu nyingine ya kutojisifu mno juu ya matokeo. Sehemu iliyokuwa ya Mackay ni ile mbao aliyokuwa akiiranda Usambiro, na ile aliifanya.

Mfalme Daudi alitaka kumjengea Bwana nyumba. Haja hiyo ilikuwa njema kuliko zote alizokuwa nazo, naye alikatazwa. Angeweza kukasirika, au kusema, "Kama si mimi, isiwepo." Badala yake alikusanya dhahabu na chuma, mawe na mierezi, akamwekea mwanawe tayari. Hapo twaona tofauti kati ya kuiua haja na kuitoa. Aiuaye haja yake huizika, wala haimfai mtu. Aitoaye humwachia Mungu aamue ni nani atakayeitimiza, naye aendelea kukusanya mawe.

Tumesema habari za watu waliongoja. Sasa yatupasa kusema, kwa huzuni, habari za watu wasiokubali kungoja. Maana jambo hili si la kutuliza mioyo tu, ni la uhai wa watu. Katika mikoa yetu ya ziwa, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino waliuawa na wengine kukatwa viungo, watoto na watu wazima, kwa kuwa waganga waliwaambia watu ya kwamba viungo hivyo vitavuta samaki wavuni na dhahabu mgodini. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku waganga kufanya kazi, kwa ajili ya mauaji hayo. Je, wale walioagiza viungo walikuwa na haja gani? Walitaka samaki, mali, nyumba ya bati, watoto wao wasome. Nyingi ya haja hizo, zikitazamwa peke yake, si mbaya; ni zile zile ambazo jirani yao aliziombea kanisani. Ubaya uliingia pale mtu aliposema moyoni, "Jambo hili sharti nilipate, kwa njia yoyote, na kwa gharama ya yeyote." Haja iliyopewa kiti cha Mungu hudai sadaka, na sadaka yenyewe huwa ni mtu asiye na nguvu.

Wala tusiwanyoshee kidole hao tu. Mume amfukuzaye mkewe kwa sababu ya kukosa mtoto, naye amekwisha toa sadaka. Baba ampigaye bintiye kwa kuwa hakufaulu mtihani, amtoa bintiye juu ya madhabahu ya fahari yake. Hivyo msomaji akitaka kujua kama haja yake bado i mkononi mwa Mungu, au kama yeye amekuwa mtumwa wake, ajiulize swali jepesi: katika nyumba yangu, ni nani alipaye gharama ya haja hii? Kama ni mimi nalipa, kwa jasho na subira, huenda ni vema niendelee. Kama ni mwingine alipaye kwa machozi, imenipasa nisimame.

Sasa lasalia pingamizi moja, nalo ni la haki. Mtu atasema, "Fundisho hili la kumwachia Mungu litawafanya watu kuwa wavivu, tena litawapendeza wakubwa wenye dhuluma, kwa kuwa maskini wataambiwa wangoje." Tunajibu hivi. Juu ya uvivu, tazameni wavuvi wetu wa dagaa. Wao huvua usiku wa giza, wakiwavuta dagaa kwa taa: zamani karabai, na siku hizi taa za umeme wa jua. Mbalamwezi ikiwa kubwa, dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye taa, na hakuna mvuvi awezaye kuuzima mwezi. Lakini katika siku hizo kambi haijalala. Nyavu hushonwa, nyufa za mitumbwi huzibwa kwa kalafati, taa hutengenezwa. Mtu atakayelala siku zote za mbalamwezi, giza litakaporudi atakuwa na wavu wenye matundu. Kungoja kwa mvuvi ni kazi, na kungoja kwa Mkristo ni vivyo hivyo.

Juu ya dhuluma, twasema waziwazi: si kila linalokosekana limekatazwa na Mungu. Ikiwa kijana amekosa masomo kwa sababu fedha za wanakijiji zimeliwa na mtu, hapo jina la Mungu lisitajwe. Huo ni wizi, na mwizi ana jina lake, na ashitakiwe. Ikiwa mama amekufa kwa uzazi kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumvusha kwenda hospitali, wanaoweza kuleta chombo na walete, na wanaopaswa kuulizwa na waulizwe. Kulifunika kosa la mwanadamu kwa maneno "ndiyo mapenzi ya Mungu" ni kumsingizia Mungu, na amri yakataza ushuhuda wa uongo. Sehemu iliyo yetu, tuliyoisema hapo juu, ni pamoja na kudai lililo haki. Twamwachia Mungu lile tu ambalo mikono yetu, ikiunganika na ya wenzetu, haiwezi kulifikia.

Neno moja zaidi juu ya jinsi ya kukaa na mtu ambaye haja yake haikutimia, maana katika kila kanisa yupo. Tusimwendee na mifano ya wengine waliopata. Mke asiye na mtoto akisikia kila Jumapili habari za yule aliyezaa baada ya miaka kumi na miwili, hapati faraja, bali ahesabu miaka. Tusimwambie kwamba Mungu amemwandalia kitu kilicho bora zaidi, kwani sisi hatukuambiwa siri hiyo. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba, walipoketi chini pamoja naye bila ya kusema neno. Waliharibu walipofumbua vinywa kueleza sababu. Yatupasa tumwite kwa jina lake, tumpe kazi ya heshima katika jumuiya, tuketi naye msibani na harusini, tumwache alie inapombidi. Machozi mbele za Mungu si kukosa imani. Bwana wetu mwenyewe, usiku ule bustanini, aliomba kikombe kimwepuke; aliomba kwa jasho na kwa kurudia, kisha akaliacha jambo mkononi mwa Baba. Naye hakuficha haja yake, wala hakudai. Na kikombe hakikumwepuka.

Wala hatuwezi kumwahidi msomaji ya kuwa hapa duniani ataona sababu. Sisi tulio Wakristo twaamini ya kwamba hesabu haifungwi kaburini, na kwamba yaliyopandwa kwa uaminifu hayapotei mbele za yeye ajuaye idadi ya nywele zetu. Hilo ndilo tumaini letu, na twalishika. Lakini tumaini hilo si hati ya deni ya kumpelekea Mungu tarehe fulani. Ni sababu ya kuamka kesho tukaushone wavu.

Basi ndugu msomaji, kama unayo haja uliyoibeba miaka mingi, chukua nafasi jioni moja uitazame tena mbele za Mungu. Mwambie wazi ya kuwa bado waitaka, kama waitaka. Mwambie imekuumiza kiasi gani. Kisha jiulize, katika haja hii, ni kipi kilicho changu cha kufanya juma hili? Labda ni barua ya kuandika, labda ni shimo la mche wa mwembe ambao matunda yake watayala wengine, labda ni kumwomba radhi mkeo kwa miaka uliyomlaumu kwa jambo asilokuwa na amri nalo. Ukikiona, kifanye. Na lile lililobaki, usilolifikia, liache mkononi mwake, wala usirudi usiku kulichukua.